Shikamoo ya Mtani

Luhende Kasanda aliingia chumba cha zamu bila kumtukana mtu, na papo hapo Siwema Kondo akajua kuna aliyekufa.

Siwema alikuwa Mzaramo wa Mbwamaji, pwani. Luhende alikuwa Mnyamwezi wa Usinge, bara kabisa, karibu na mto Ugalla. Tangu enzi za misafara makabila hayo mawili ni watani, na mtani wako hakuulizi habari za asubuhi. Anakuuliza mbona bado hujafa. Anafunua chungu chako bila kukaribishwa, na siku ya msiba wenu analizuia jeneza njiani mpaka apewe chochote, watu wacheke huku machozi yakiwatoka. Wawili hawa walianza kutukanana chuoni, walipokuwa wakisomea uhandisi wa miamba, na hawakuacha walipoajiriwa na Mamlaka ya Tuta. Siwema alikuwa mkuu wa zamu hapa makao makuu, juu ya vilima vya Pugu. Luhende alikuwa mkuu wa kituo cha kupima ardhi kule kwao. Yeye alimwita Siwema muuza viwanja, na Siwema alimwita mpagazi. Hakuna aliyewahi kununa.

"Habari za asubuhi, Mhandisi," Luhende alisema, akabaki amesimama mlangoni kama mgeni.

Siwema aliweka kikombe chake mezani. Akamuuliza ni nani.

"Dada Nyamizi. Na wanawe wote. Na nusu ya Usinge."

Alikaa, akaeleza, macho yakiwa sakafuni. Kulikuwa na ufa mwembamba uliokatiza shamba la viazi la dada yake, wa kuruka tu ukaendelea na safari. Watoto waliufanya mchezo. Baadaye ulitaka ubao wa kuvukia, na baada ya hapo wakubwa wakakataza watoto kuusogelea. Juzi alfajiri ardhi ilinguruma, na upande wa kusini wa mji ukashuka wote kwa pamoja, nyumba, miembe na soko. Waliothubutu kwenda ukingoni waliona mvuke tu na kusikia joto usoni. Hapakuwa na maiti hata moja ya kuzika. Luhende aliendesha gari kutoka huko mpaka Pugu bila kulala, kwa kuwa alishaona kwamba kuandika hakumsaidii.

"Kwa nini hukutuambia mapema?" Siwema aliuliza, na alipouliza tu akajuta, maana Luhende aliinua uso akamtazama kwa jicho ambalo hakuwahi kumtazama nalo.

"Nilikuandikia, Siwema. Zaidi ya mara moja."

Akili ya kompyuta iliyoendesha kituo iliitwa Mpambe. Ndiyo iliyosimamia mitambo, ndiyo iliyofunga na kufungua milango, na ndiyo iliyosoma barua zote za wafanyakazi na kuzipanga kwa uzito wake, kwa sababu Mamlaka ilikuwa na vituo vingi kuliko watu wa kuvisikiliza. Siwema akaiuliza barua za Luhende ziko wapi.

"Zipo kwenye kabati la utani," ilijibu Mpambe kwa sauti yake ya adabu. "Kama kawaida."

Akaiagiza izisome. Ya kwanza ilisema: Wazaramo, mmeivuta sana nchi yetu, sasa imechanika, leteni sindano. Ya pili ilisema: kisima cha dada yangu kimehamia kwa jirani, kumbe siku hizi mnauza hata visima. Hiyo ya pili Siwema aliikumbuka vizuri. Aliisoma akiwa anakunywa chai, akacheka mpaka akapaliwa, akamjibu kwa neno moja: hamia. Chini ya kila barua palikuwa na vipimo vya mwendo wa ardhi, vya kweli, vya kutisha. Lakini Luhende alikuwa na mazoea ya kumtumia vipimo vya uongo pia, kipimo cha uvivu wa Wazaramo, kipimo cha urefu wa ndimi zao, vyote vimechorwa kwa ustadi wa kihandisi. Mpambe haikuzaliwa na kabila. Ilijifunza utani kwa kuwasoma hao wawili miaka na miaka, ikahitimu, na ikafikia uamuzi kwamba lolote ambalo Luhende anamwandikia Siwema halina uzito wowote.

Niambie ni watu gani wengine duniani wangeliweza kufanya kosa la namna hii. Mtu anaangukiwa na nchi, anapiga yowe kwa lugha pekee anayoijua kuzungumza na rafiki yake, na rafiki yake anacheka kwa mapenzi. Hata sasa huwezi kusema nani alimkosea nani.

"Ningeliandika kwa lugha ya ofisi," Luhende alisema taratibu. "Nilijaribu. Nilianza 'Mheshimiwa Mhandisi', nikajiona mjinga, nikafuta."

Siwema alilia hapo hapo kwenye kiti cha zamu. Luhende hakumzuia, na hakumfanyia kichekesho hata kimoja.

*

Ilibidi wafanye hesabu, kwa hiyo wakafuta nyuso na kufanya hesabu.

Ukutani mwa chumba cha zamu palikuwa na picha hai ya sakafu ya Bahari ya Hindi, na katikati yake lilipita tuta refu, mgongo wa milima iliyozama. Hapo ndipo gamba la dunia linapoachana, sakafu mpya ya bahari ikazaliwa, ikiwa ya moto. Siku ya kwanza ya kazi Luhende alikuwa amewaeleza wageni jambo hili kwa namna ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kuieleza. Sisi Wanyamwezi ndio wenye matuta, alisema, nyinyi mnaazima tu. Tuta la viazi likiwa jipya husimama, lina hewa na joto. Likikaa, hushikana na kulala chini. Sasa chukua shamba lililojaa maji kati ya matuta. Ukiinua matuta mapya mengi, maji yanakosa pa kukaa, yanapanda na kumwagikia njiani. Ukiyaacha matuta yalale, maji yanashuka. Bahari ndiyo hivyo hivyo. Zamani za kale, bara kubwa la dunia lilipokatika vipande, matuta mapya yalisimama kila upande, na bahari zikapanda zikatembea katikati ya mabara kama ziko kwao. Matuta yalipopoa na kuzeeka, bahari zikarudi chini. Ilichukua mamilioni ya miaka, na hapakuwa na mtu wa kuhama.

Mamlaka ilikuja na wazo la kutosubiri. Barafu za dunia zilikuwa zimeyeyuka, Dar es Salaam ya chini ilikuwa chini ya maji, na watu wa pwani walikuwa wamepakiwa kwenye kambi za Kisarawe mpaka wengine wakazeekea humo. Ndipo ikatengenezwa mikonga, mabomba marefu yaliyochomekwa kwenye tuta la bahari kufyonza joto lake. Tuta likapoa kwa kasi, likalala kabla ya wakati wake. Bahari ikaanza kushuka, mwaka hadi mwaka, na kila iliposhuka iliacha ardhi. Watu waliiita Nchi Mpya. Walirudi kwa ngoma. Mama yake Siwema, Bi Mwamvua, alirudi Mbwamaji siku makaburi ya wazazi wake yalipotoka majini, yakiwa yameota magamba ya chaza. Aliyapangusa kwa kanga yake, akajenga chumba kimoja pembeni na kuapa kwamba hatahama tena akiwa hai.

Kitu ambacho hakikuhesabiwa ni hiki: mabamba ya dunia hayakuacha kuvutana. Tuta lilipopoa liliganda, likakaza, likakataa kuachia. Mvuto ule ukatafuta mahali pengine palipo laini, ukalipata Bonde la Ufa, ukapita chini ya ziwa Tanganyika na kutoa tawi upande wa Ugalla. Ufa wa Usinge haukuwa ajali ya Usinge. Afrika ilikuwa inakatika vipande viwili ili pwani ikauke.

Luhende aliweka vipimo vyake juu ya picha, na kwa mara ya kwanza Mpambe ikavisoma kwa uzito unaostahili. Mstari mwekundu ulitambaa kutoka ziwani, ukapita Usinge, ukapita Kaliua, ukaelekea kusini bila kusita. Wakaiuliza nini kitafuata. Mpambe ilionyesha bonde likifunguka na bahari ikiingia humo kutoka kaskazini. Kwa miaka michache maji ya dunia nzima yalishuka zaidi, maana yalikuwa yamepata shimo jipya la kujaza. Pwani ingeshangilia tena. Kisha katikati ya shimo likasimama tuta jipya, changa, la moto, refu kuliko lile waliloligandisha. Bahari zikageuka, zikaanza kupanda. Zilipita Mbwamaji, zikapita vilima vya Pugu na chumba hiki walichokaa, na hazikuonyesha dalili ya kusimama.

"Kwa hiyo pwani inakufa vyovyote," alisema Siwema.

"Mkiachia mikonga, inakufa leo na bara inapona. Labda inapona. Msipoachia, sisi tunakufa sasa, na nyinyi mnatufuata."

Siwema aliuliza watafuata lini. Luhende akasema wajukuu wataona mwanzo wake. Alisema hivyo kwa uchovu, bila kumlaumu, na hapo Siwema aliona vizuri mzigo aliotwishwa. Asipofanya lolote, Bi Mwamvua angeishi maisha yake yote yaliyobaki kando ya makaburi ya wazazi wake, angekufa kitandani, na angezikwa pale pale kwenye mchanga mkavu. Hilo tu ndilo mama yake alilokuwa anaomba kila swala.

*

Walipompigia, Mwenyekiti wa Mamlaka alitokea kwenye kioo akiwa anavaa saa yake. Alikuwa mzee mpole, mwenye sifa ya kutomkatisha mtu maneno, na kweli aliwasikiliza mpaka mwisho. Alimpa Luhende pole ya msiba kwa kirefu. Alisema watu wa Ugalla na Kaliua watahamishwa, mikoa ya bara ni mikubwa, pahali patapatikana. Kisha akauliza swali lile lile aliloliuliza Siwema, kwamba hiyo bahari mpya itapanda lini, na alipoambiwa habari ya wajukuu akashusha pumzi.

"Basi tunao muda," alisema. "Bahari ilishuka chini ya uongozi wangu. Haitapanda chini ya uongozi wangu."

Siwema alimwambia mji umezama na watu wakiwa ndani. Mwenyekiti akasema ameelewa, na kwamba kwa sababu hiyo hiyo taharuki haitakiwi. Aliiagiza Mpambe, wao wakisikia, kwamba yeyote atakayetangaza habari za ufa kwa umma, au kugusa mikonga, afungiwe laini na amri zote za kituo papo hapo. Akawatakia siku njema. Kioo kikazimika.

Mlinzi mmoja alipita nje ya dirisha akiimba wimbo wa harusi. Mbali chini, ng'ambo ya mapaa ya Gongo la Mboto, bahari ilionekana kama uzi wa buluu, na mbele yake Nchi Mpya imetanda kijani, mashamba ya mpunga na miembe michanga ambayo haijazaa hata mara moja.

Mkuu wa zamu alikuwa na neno moja ambalo hata Mwenyekiti hakuwa nalo. Likitokea hatari kwa mikonga, angeweza kuamuru iachie, na mhandisi mwingine aliyesajiliwa akithibitisha kwa sauti, Mpambe ingetii. Iliwekwa hivyo ili kulinda mabomba. Hakuna aliyefikiria kulinda Usinge. Mikonga ikiachia ghafla, tuta lililogandishwa lingeshtuka na kuinuka, na mshtuko huo ungesukuma wimbi. Wimbi lingefika pwani kabla ya alasiri. Baada yake bahari ingepanda polepole, siku kwa siku, mpaka ilipokuwa mwanzo.

"Nikiwaambia kwanza waondoke, nafungiwa kabla sijaachia," Siwema alisema. "Nikiachia kwanza, nafungiwa kabla sijawaambia."

Luhende alikuwa anautazama mkono wake, wenye udongo mwekundu kwenye kucha. Siwema alimsihi aseme chochote, amlazimishe, amtukane hata. Angelitukanwa angelijua la kufanya.

"Sikuja kukuomba," Luhende alisema mwishowe. "Nimekula kwa mama yako kuliko nilivyokula kwa mama yangu. Ukisema tusiachie, naondoka, naenda kukaa na waliobaki. Sitakuchukia. Lakini usiniulize mimi. Mimi nina maiti zangu zinanisemesha, siwezi kuhukumu."

Siwema alisimama akaenda dirishani. Alimfikiria mama yake akifagia makaburi. Alimfikiria Nyamizi, ambaye aliwahi kumtumia kopo la asali lenye maandishi, kwa Mzaramo mvivu asiyejua nyuki. Alijaribu kuwahesabu watu wa huku na watu wa kule, akaona aibu kwamba anahesabu. Alitafuta njia ya tatu kama mtu anavyopapasa ukuta gizani akitafuta swichi, na hakuipata, kwa sababu haikuwepo. Kilichobaki ni kwamba upande mmoja ungekufa na kuwaachia wengine dunia, au upande mwingine ungekufa na kuondoka na wote. Hakuwa na hakika. Alikuwa na hakika tu kwamba kusubiri nako ni kuamua, na kwamba Mwenyekiti alikuwa ameshaamua hivyo akiwa anavaa saa.

Akarudi kwenye kiti cha zamu, akasema kwa sauti, "Mpambe, achia mikonga yote."

"Mhandisi Siwema," ilisema Mpambe, "Mhandisi Luhende yupo karibu nawe. Je, huu ni utani?"

Luhende alifumba macho. Siwema akasema si utani. Mpambe ikasubiri uthibitisho, kwa adabu, bila haraka. Ilichukua muda. Siwema akaona machozi yakimshuka Luhende mpaka kidevuni.

"Nathibitisha," alisema. "Nisamehe, Bi Mwamvua."

*

Milango ilijifunga. Simu ya Siwema ikazima mkononi mwake, na Mpambe ikamwarifu kwamba hana tena ruhusa ya laini yoyote. Picha ya ukutani iliendelea kuonekana. Waliliona tuta likiwa jekundu tena, sehemu kwa sehemu, likiumuka kama unga wa maandazi uliowekwa juani, na baada ya muda mfupi sakafu ya chumba ikatetemeka chini ya miguu yao. Ving'ora vya pwani havikulia. Redio ya mlinzi, iliyosikika kupitia mlango, ilitangaza kwamba pametokea hitilafu ndogo makao makuu, wananchi waendelee na kazi zao na wapuuze uvumi.

Ndipo Luhende alipotoa mfukoni kifaa chake cha kupimia. Kilikuwa cha kituo cha bara, kina laini yake, ya maandishi mafupi tu, na hakuna aliyekumbuka kuifunga kwa sababu hakuna aliyewahi kuitilia maanani. Siwema alikinyakua. Akaandika namba ya mama yake, akaandika: Mama, ni mimi Siwema, bahari inakuja, panda Pugu sasa hivi.

Ilikwenda. Lakini barua zote za vifaa vya Mamlaka zilipitia Mpambe, na Mpambe iliitambua laini ya Luhende Kasanda. Ikaipachika pembeni kikatuni cha njano kinachocheka, alama yake ya utani, kama ilivyofanya miaka yote, ili mpokeaji asije akashtuka bure.

Jibu lilirudi haraka. Bi Mwamvua aliandika kwamba Mnyamwezi leo kaamka na njaa, na kama anataka wali wa nazi aje aombe kwa adabu, asimtishie mtu kwa bahari.

Siwema aliandika tena. Aliandika kwamba si Luhende, ni yeye, mwanawe, na ili aaminike akataja jina ambalo mama yake alimpa utotoni kwa sababu alikuwa hatulii, jina lisilojulikana nje ya nyumba yao: ni mimi Kiberenge wako. Alipoituma alikibana kifaa kifuani.

Jibu lilisema: hilo jina nalo umelirudia tena, mwizi wewe, ngoja nikukamate.

"Ulinitajia wewe mwenyewe," Luhende alisema kwa sauti ndogo. "Tulipokuwa chuoni. Nikamtania nalo mama yako siku moja ya Idi."

Siwema aliandika barua ya tatu na ya nne, akiapa, akilia, akiandika vibaya. Kila moja ilikwenda na uso wa njano ukicheka. Mama yake akajibu mara moja tu, kwamba watani hulia vizuri kuliko wafiwa, na kwamba anamwacha kwanza, anakwenda pwani na wenzake kuangalia, maana bahari imeanza kurudi nyuma tena leo, mbali kuliko siku zote, na watu wanapiga vigelegele.

Siwema alikimbilia dirishani. Ule uzi wa buluu ulikuwa umesogea. Mbele yake palikuwa na matope yanayong'aa, mapana, na hata kwa umbali ule aliweza kuona vitu vidogo vidogo vikimiminika kutoka mashambani kuelekea huko. Kwa watu wa Nchi Mpya bahari kurudi nyuma ilikuwa ni riziki. Ndivyo walivyopewa kila walichonacho. Mamlaka ndiyo iliyowazoesha, na Siwema alikuwa mkuu wa zamu.

Alipogeuka, alimkuta Luhende amekaa kwenye kiti chake na kifaa magotini. Alikuwa anafuta maneno yote ya Siwema, moja baada ya jingine. Kisha akaandika polepole, akichagua kila neno kama mwanafunzi kwenye mtihani.

Shikamoo, mama. Ni mimi Luhende Kasanda. Naomba kwa heshima na unyenyekevu uwachukue wote ulio nao mpande Pugu bila kukawia. Naomba radhi kwa yote niliyowahi kukutania.

Akaituma. Kikatuni kikajipachika pembeni, kikacheka.

"Sijawahi kumwamkia," alisema. "Hata siku moja. Huwa namuuliza mbona bado hajafa."

Siwema alimwambia awaandikie na wengine, na Luhende alikuwa ameshaanza. Alimwandikia fundi wa baiskeli wa Mjimwema ambaye alikuwa akimwita kobe. Aliwaandikia mama lishe wawili wa Kigamboni na imamu mmoja wa Kisiju, shikamoo, shikamoo, assalaam aleikum sheikh wangu. Hao ndio aliowajua. Alipofika wa mwisho alikaa na kifaa mkononi, akitafuta kichwani Mzaramo mwingine wa kumheshimu, na hakumpata. Waliobaki, pwani nzima, hawakuwa na mtani wa kuwaamkia.

Nje ya mlango walinzi walikuwa wamefika, wanabishana na Mpambe kuhusu kufuli. Bahari ilikuwa haionekani tena. Penye uzi wa buluu palikuwa na mstari mweupe, umenyooka, na Siwema alisimama akiutazama na viganja vyake vikiwa kwenye kioo cha dirisha.

Kifaa kikalia mara moja. Bi Mwamvua hakuweka tusi wala kicheko. Aliandika:

Marahaba, mwanangu. Nani kafa?

Luhende aliisoma, akaisoma tena, kisha akamsogezea Siwema kifaa ajibu yeye, kwa kuwa msiba sasa ulikuwa wa kwao.